Uzi wa Kutoka Dubai Hadi Hong Kong

Vijana wa chumba cha shehena, mmeniomba niandike namna tulivyokuwa tukipiga hesabu za safari za samaki kabla ya kompyuta. Nimekubali, ila nitaandika na lile ambalo hamkuliomba. Mshahara sitauzungumzia, mnaujua na hauna hadithi. Vyeo navyo naviacha. Nilipata viwili, na kimoja kilikuja pamoja na koti la mvua. Nitaandika juu ya barafu, juu ya uzi, na juu ya wivu. Huo wa mwisho nimefanya nao kazi miaka mingi kuliko nilivyofanya na mtu yeyote pale kiwandani.

Siku ya kwanza nilifika kiwandani Nyakato nimevaa viatu vya ngozi ambavyo baba alininunulia kwa ajili ya kipaimara. Mlangoni palikuwa na kile kidimbwi cha maji ya dawa ambacho ninyi mnakivuka bila kukitazama. Mimi nilikiingia mzima mzima. Kufika saa sita soli ya kushoto ilikuwa imeachama. Karani mkuu wa shehena, Mzee Shaban, aliitazama ile soli, kisha akanitazama mimi.

"Kijana, umekuja kazini au umekuja kuposa?"

"Kazini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vua hivyo, kavae buti za mpira, halafu uje ulinde barafu."

Nilidhani ananitania. Mzee Shaban alikuwa mtu wa mjini hapa hapa Mwanza, mtoto wa fundi cherehani, na kabla ya samaki alikuwa karani bandarini. Kofia yake haikuwahi kukaa upande, na penseli haikutoka sikioni hata akisali. Aliniwekea boksi jeupe lenye minofu ya sangara, akatia kifuko kimoja cha barafu, akafunika, akanipa kipimajoto na daftari. Kila baada ya saa moja nilipaswa kufungua, kupima, kuandika na kufunika. Siku ya kwanza boksi lilikaa kivulini. Siku ya pili tulilitoa nje, kwenye zege la uwanja wa magari, na mimi nikakaa nalo juani. Kivulini kile kifuko kilishika baridi masaa kumi na mawili. Juani kilishika sita, na mimi nilishika kichwa.

"Umeona?" akaniuliza. "Saa moja ya juani iandike mbili. Samaki hana shida angani, kule juu kuna baridi ya bure. Shida yake ni zege."

Hiyo ndiyo hesabu yote, vijana. Kifuko kimoja kwa kila masaa kumi na mawili ya safari, na kila saa ya juani ihesabiwe mara mbili. Gari la baridi kutoka hapa mpaka Nairobi usilihesabu, lina mashine yake. Anza kuhesabu pale mlango wa gari unapofunguliwa uwanja wa ndege. Mengine mtaongeza wenyewe, lakini mkisahau hilo mtanuka.

Sasa uzi. Mzee Shaban alikuwa na tufe la dunia alilolinunua sokoni Makoroboi kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya shule iliyofungwa. Lilikuwa limebonyea upande wa Amerika, na kwa kuwa hatukuwa na mteja huko, halikutusumbua. Alichukua uzi wa nyavu, ule wa nailoni wa kijani, akauzungusha kwenye ikweta, akaugawa sehemu arobaini na kutia alama za wino. Kila alama ni kilomita elfu moja. Kwa kila safari alikata uzi wake, akautia alama zile zile, akaufunga fundo huku na fundo kule, na kuutundika kwenye msumari wenye jina. Akija mteja mpya, Mzee Shaban alivua miwani, akashika tufe kwa goti, akavuta uzi kutoka uwanja hadi uwanja mpaka ukakaza wenyewe.

Ukutani tulikuwa na ramani kubwa pia. Siku moja nikapima Dubai hadi Hong Kong kwa rula kwenye ile ramani, nikaona nimemaliza kazi. Alinipiga kwenzi la kirafiki, kama kuna kwenzi la kirafiki. "Ndege hairuki ukutani," akasema. Tukaweka uzi kwenye tufe. Ukikaza, hauendi pale macho yanapotaka uende; unapanda juu kidogo, unapita kaskazini mwa India, ndipo unashuka. Tulipousoma, ulipungua kidogo tu kufika alama ya sita. Ndege ya kwenda huko inatembea kama kilomita mia nane na hamsini kwa saa, kwa hiyo masaa saba, ongeza nusu ya kupanda na kushuka. Saba na nusu. Kurudi ni nane na zaidi, kwa sababu upepo wa juu unatoka magharibi na ndege inaupokea usoni, lakini hilo halikutuhusu. Samaki wetu hawakuwa wakirudi.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, na ulianza kwa samaki. Msicheke. Sangara aliyevuliwa jana Ukerewe, kesho kutwa yuko Hong Kong kwenye sahani ya watu, amepanda ndege mbili, hana paspoti wala kichwa. Mimi niliyempigia hesabu, nikamfungia boksi na kumwandikia karatasi, safari yangu ndefu kuliko zote juu ya maji ilikuwa kivuko cha Kamanga. Minofu ikienda Asia, mimi jioni nilipitia mapanki, ile mifupa inayobaki, nikaenda kukaangiwa nyumbani. Nilijua Dubai kuna joto kiasi gani saa tisa alasiri. Nilijua Hong Kong wako mbele yetu kwa masaa matano. Kwenye baa za Kirumba niliizungumzia miji ile mpaka watu wakaniuliza niliishi huko mwaka gani. Nilikuwa nawajibu kwamba ni muda sasa.

Mzee Shaban alipostaafu aliniachia tufe na misumari yote. "Uzi si wako," aliniambia. "Akija mtu, mpe. Nami nilipewa." Nikaitikia. Alikuja mtu baada ya miaka mingi, na sikumpa.

Huyo mtu ni Kabula, ambaye ninyi mnamwita bosi na ambaye atakuwa wa kwanza kuisoma karatasi hii. Alikuja kwa mkataba wa mwaka mmoja, msichana wa Sengerema, kila Jumatatu anavuka Kamanga na begi la mgongoni. Siku yake ya kwanza alinikuta nimepakata tufe.

"Shikamoo mzee. Unapima nini?"

"Marahaba. Dubai hadi Hong Kong."

Akatoa simu, akaandika majina mawili, na kabla sijakaza uzi akasema, "Elfu tano mia tisa na hamsini na kidogo. Wewe umepata ngapi?"

"Elfu tano mia tisa na kumi."

"Jamani, mzee! Yaani uzi umekosea kilomita arobaini tu!"

Alisema kwa kushangilia kabisa, macho yamemtoka. Mimi nililisikia lile "tu" tu. Nililibeba mpaka nyumbani, nikalala nalo, nikarudi nalo asubuhi. Tangu siku hiyo akiniuliza jambo nilimjibu nusu. Akiuliza vifuko vingapi, nilimtajia idadi, sikumwambia imetokana na nini. Habari ya jua kuhesabiwa mara mbili sikumpa. Nilijiambia kwamba simu yake itamwambia.

Na alikuwa mwepesi, huo ndio ukweli. Wafungashaji walimpenda. Mama Shija, msimamizi wao, aliyekuwa akinifokea mimi kwa miaka kumi na mitano, alimwita "mwanangu". Meneja akiwa na swali la Asia alikuwa akipita mezani kwangu, na sasa alipita mezani kwangu akielekea mezani kwa Kabula. Nilikuwa nasikia viatu vyake vikinipita. Mtu asiyewahi kupitwa hivyo hajui kwamba kuna sauti.

Kisha mteja wa Hong Kong akalalamika kwamba maboksi mengine yanafika yamelegea, akaomba mtu wetu mmoja aende akaone mzigo unavyopokelewa. Mtu mmoja. Tangazo lilibandikwa Alhamisi. Ijumaa nilikuwa kwa mpiga picha Kirumba, nimeazima koti la shemeji, nimepigwa picha nane za paspoti. Hakuna aliyekuwa amenichagua. Mke wangu aliniuliza koti la nini, nikamwambia la Hong Kong, kuna baridi mwezi huu. Nilishaanza kusafiri.

Jumatatu meneja alimtaja Kabula. Alisema anajua Kiingereza vizuri, anajua simu, ni kijana. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga, tena kwa nguvu kuliko wote, viganja vikaniuma. Kabula alinifuata baadaye mezani.

"Mzee, mimi nilidhani watakutuma wewe. Hii njia ni yako."

"Nenda mwanangu. Mimi na ndege wapi na wapi."

"Naomba basi niende na ule uzi. Nikifika niwaonyeshe."

"Uzi hautoki ofisini," nikamwambia. Hakukuwa na sheria kama hiyo. Niliitunga pale pale.

Karatasi ya barafu ya mzigo ule aliiandika yeye na kuisaini yeye, maana safari ilikuwa yake. Kungoja Nairobi, masaa manne. Nairobi hadi Dubai, matano. Kungoja Dubai, matano. Dubai hadi Hong Kong, saba na nusu. Jumla ishirini na moja na nusu, vifuko viwili kila boksi. Niliipitia nikitafuta kosa. Haikuwa na kosa: Nairobi mzigo hukaa kivulini, na Dubai ungengoja usiku. Akaondoka Jumapili, kwa ndege ya abiria, ili awe amefika kabla ya samaki.

Jumatatu asubuhi, gari la baridi likiwa bado linapakiwa, faksi ililia. Wakala wetu wa Nairobi hakuwa anauamini mtandao wetu, alikuwa bado anatuma faksi kwenye ile karatasi laini ya kujikunja. Niliivuta mwenyewe, ofisini nilikuwa peke yangu. Ilisema ndege ya mizigo ya Dubai haitakwenda moja kwa moja tena; itatua Bangkok na kukaa masaa matano ikipakia mzigo mwingine, kisha ndiyo iende Hong Kong. Tafadhali rekebisheni.

Sikuhitaji tufe. Dubai hadi Bangkok, masaa sita. Bangkok hadi Hong Kong, mawili na nusu. Ukipima kwa uzi, umbali unaongezeka kilomita mia sita na kidogo, si kitu. Lakini masaa matano kwenye zege la Bangkok, tena kuanzia saa tano asubuhi ya kwao mpaka saa kumi, ni masaa kumi ya Mzee Shaban. Jumla thelathini na mawili na nusu. Vifuko vitatu. Kifuko kimoja tu cha kuongeza.

Mama Shija akachungulia mlangoni. "Bwire, tunafunga. Balafu ni ile ile mbili?"

Faksi ilikuwa mkononi mwangu. Nilimtazama, nikatazama kalenda ukutani, nikaona meza ya Kabula na kikombe chake chenye ua.

"Kama alivyoandika Kabula," nikasema.

Hilo ndilo jibu langu, neno kwa neno. Sikusema uongo, mnaona. Niliikunja ile faksi mara nne, nikaisukuma chini ya kikalio cha tufe, kile kibao cha kulisimamishia ambacho hatukukitumia, kwenye droo ya tatu, nikatoka kwenda kunywa chai. Nilikunywa vikombe viwili.

Jumatano saa nne asubuhi simu ya ofisini iliita. Kule kwao ilikuwa saa tisa alasiri.

"Shikamoo mzee." Sauti yake ilikuwa ndogo, na nyuma yake nilisikia magari ya kubebea mizigo.

"Marahaba. Umefikaje?"

"Nimefika salama. Mzee, mzigo ulitakiwa uwe hapa saa saba na nusu. Haupo. Mteja amekuja na watu wake, tumesimama hapa. Hebu niambie, uzi wako unasema masaa mangapi Dubai mpaka hapa?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, na wengi hawapati hata ya kwanza. Wakati ule Bangkok ilikuwa saa nane mchana. Maboksi yalikuwa yamekaa kwenye zege masaa matatu, yakabaki mawili. Ningempigia wakala wa Nairobi, naye angempigia mtu wake Bangkok wayasogeze kivulini, au waongeze barafu. Sijui kama wangewahi. Najua kwamba sikujaribu.

"Saba na nusu," nikasema.

"Sawa mzee. Basi watakuwa njiani. Asante."

Aliniambia asante. Niliweka simu chini, nikakaa natazama msumari wenye uzi wa Hong Kong. Ningependa kuwaandikia kwamba niliumia pale pale, ila mmeniomba mambo ya kazi na kazi haitaki kupambwa. Nilichosikia kwanza kilikuwa raha. Ilikaa kidogo sana, haikumaliza hata nusu saa, lakini ilikuwa raha.

Mzigo ulifika jioni ya kwao umelegea wote. Mteja alifungua boksi la kwanza mbele ya Kabula, akafungua la pili, la tatu hakulifungua. Walimwonyesha mlango. Alirudi Mwanza, barua ya onyo ikamkuta mezani, kuthibitishwa kwake kazini kukasimamishwa, na akapelekwa chumba cha kufungashia chini ya Mama Shija. Wakala wa Nairobi aliapa kwamba alituma faksi. Meneja akaniuliza kama niliiona. Nikasema mashine ile huwa inameza karatasi, na kila mtu alijua kwamba ni kweli inameza.

Nilikuwa nimeipata nafasi yangu. Meneja alirudi mezani kwangu. Lakini dirisha la ofisi yetu linatazama chumba cha kufungashia, nanyi mnalijua, na kila nikiinua kichwa nilimwona amevaa aproni nyeupe na buti za mpira, anapanga vifuko viwili viwili. Asubuhi akipita mlangoni alisimama. "Shikamoo mzee." Kila siku, hata siku za mvua akiwa amechelewa kivuko. Ningefurahi kama angeninunia. Mtu akikununia mnakuwa mmegawana mzigo.

Mwezi wa pili au wa tatu baada ya hapo sikuweza tena. Sikwenda kukiri, msinipe sifa hiyo. Nilishuka chumba cha kufungashia wakati wa mapumziko nimebeba boksi moja na kipimajoto.

"Vaa kofia," nikamwambia. "Twende juani."

Tulikaa pale kwenye zege, mimi na yeye, kama nilivyokaa ujana wangu. Nilimpa jua linavyohesabiwa. Siku zilizofuata nikampa kungoja kwa kila uwanja, wapi wanaweka mzigo kivulini na wapi wanadanganya, na namna ya kumuuliza wakala swali ili asikujibu "usiwe na wasiwasi". Nikampa na upepo wa kwenda na wa kurudi. Nilimpa kila kitu, haraka haraka, kama mtu anayehamisha vitu kwenye nyumba inayovuja. Yeye aliandika yote kwa ile kalamu yake ya kijani. Mwaka uliofuata walimrudisha ofisini, na yaliyotokea baada ya hapo yanahusu vyeo, nimeshasema naviacha. Hong Kong alikwenda tena mara tatu. Mimi walinipeleka semina Musoma.

Wivu uliisha? Hapana. Kila alipoondoka nilipiga hesabu ya alipo. Sasa anapita juu ya India. Sasa wanaleta chakula. Tena akirudi aliniletea majani ya chai, nikayanywa nikiyaonea kinyongo kwamba na yenyewe yamepanda ndege.

Sasa nifike siku ya mwisho, wiki tatu zilizopita. Mlinifanyia sherehe, mkanipa saa ya ukutani, nashukuru. Nyumbani sasa zipo tatu. Mlipotoka kwenda kula nilibaki kufungua droo. Tufe nilitaka nilichukue, na ile faksi niliitaka zaidi, nikaichome jikoni kwangu niwe nimemalizana nayo. Miaka yote sikuwahi kuinua kile kikalio. Nilikuwa nafungua droo, nakiona, nafunga.

Niliinua. Karatasi ilikuwa pale pale, imekunjwa mara nne. Mnazijua karatasi zile za faksi. Zikikaa, maandishi yake yanafifia. Nilipoikunjua, ujumbe wa wakala ulikuwa umekwenda wote. Bangkok haikuwepo tena, wala "tafadhali rekebisheni". Ilikuwa imebaki karatasi ya manjano isiyo na neno la mashine hata moja.

Lakini chini yake palikuwa na hesabu, kwa wino wa kijani. 4. 5. 5. 6. Kisha 5, imezungushiwa duara, pembeni imeandikwa "juani, x2". Kisha 2½. Mstari. 32½. Vifuko 3.

Hesabu ilikuwa sahihi.

Nikaenda kwenye msumari wa Hong Kong, nikautoa uzi. Uzi ule Mzee Shaban aliufunga mafundo mawili, la Dubai na la Hong Kong. Niliupitisha vidoleni. Chini kidogo ya alama ya tano kulikuwa na fundo la tatu, dogo, limekazwa vizuri. Nikaweka uzi kwenye tufe. Fundo lilikaa Bangkok.

Kabula alikuwa mezani kwake, hajaenda kula. Nilimwekea uzi na karatasi mbele yake. Nikavuta kiti.

"Hili fundo ni la nani?"

"La kwangu, mzee."

"La lini?"

"Ule mwaka ule ule. Ile likizo yako ya Pasaka, ulikuwa umeshanifundisha mambo ya jua. Nilitumwa droo yako kutafuta gundi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na hukusema. Ungeonyesha hii, wangekurudishia kazi yako siku hiyo hiyo. Mimi ningekwenda nyumbani."

"Ndiyo, mzee. Niliishika mpaka mlangoni kwa meneja." Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile. "Halafu nikaona, kwanza nipige hesabu nione kama naiweza. Nikaipiga. Ikakubali. Nikajiuliza, nani amenifundisha hii? Ni yule yule. Na bado alikuwa hajanimalizia mambo ya upepo."

Niliomba radhi, kwa maneno ambayo hayakuwa mazuri na sitayaandika hapa. Alinyanyuka akanimiminia chai, yale majani yake.

"Nimepokea shikamoo yako miaka yote hii," nikamwambia, "kumbe unajua."

"Shikamoo ni ya umri, mzee," akajibu. "Umri hukuiba kwa mtu."

Ninyi mnamfahamu bosi wenu kwa ukali wa karatasi na kwa kutaka saa ya juani ihesabiwe mara mbili. Sasa mnajua alikojifunzia, na kwa bei gani. Ile faksi haina ushahidi tena, imefutika, na ningeweza kwenda zangu kwetu Majita na saa zangu tatu za ukutani bila mtu kunigusa. Ndiyo maana nimeiandika upya hapa, kwa mkono wangu, ili ibaki.

Nimemwonea wivu kwa ile simu, kwa meneja, kwa safari nne za ndege. Yote hayo sasa naona ningeweza kuyavumilia. Lakini yeye aliishika ile karatasi mpaka mlangoni, akarudi nayo, akairudisha chini ya kikalio cha tufe na kunisalimia kesho yake. Mimi niliishika hatua tatu tu, kutoka kwenye mashine hadi kwenye droo. Huo ndio wivu nilioondoka nao kazini, na huu sioni kama utaisha.

Tufe nimelichukua. Uzi nimeuacha kwenye msumari wake, una mafundo matatu. Akija mtu, mpeni.